Spektrofotomita ya mezani: kabla chuo hakijanunua moja kubwa

Mimi ni teknishani wa maabara ya kemia katika chuo kimoja hapa Dar. Tulinunua Kariakoo spektrofotomita ya mwanga unaoonekana, yaani mashine inayopima myeyusho unafyonza mwanga kiasi gani, ile ya kuanzia nanomita 325 hadi 1000 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), kwa fedha zinazokaribia bei ya bodaboda mpya. Walimu wa vyuo vingine wananiuliza kama inafaa. Inafaa, ila nina neno kuhusu idadi.

Zamani kupima chuma kwenye maji kulikuwa kukodolea macho. Unaweka fenanthrolini, kemikali inayoshikana na chuma, maji yanageuka rangi ya chungwa, wanafunzi wanashika tyubu mbele ya karatasi nyeupe na kubishana ipi imekolea. Sasa wanaseti nanomita 510, wanaseti sifuri kwa blanki (myeyusho usio na chuma), wanasoma namba, kisha wanachora grafu ya miyeyusho ambayo kiwango chake cha chuma wanakijua. Rangi ikikolea, mwanga mwingi zaidi unafyonzwa, na nukta zinapaswa kulala kwenye mstari ulionyooka.

Hapo ndipo mashine inapolipa fedha yake. Kijana mmoja nukta yake ya tatu iliruka juu kabisa. Akaniambia, "Teknishani, mashine yako mbovu." Nikamwambia apime myeyusho upya kwa pipeti, safari hii macho yake yawe usawa wa alama. Nukta ikashuka mstarini. Hakuna mhadhara ungemfundisha vile, na wenzake wote walikuwa wamesimama pale wanaangalia. Tangu hapo wanaleta maji ya visima vya kwao, Mbagala, Kigamboni, kokote, na wanayalinganisha na miligramu 0.3 kwa lita. Chini ya hapo, kwa maelezo ya Shirika la Afya Duniani, ladha ya chuma kwa kawaida haisikiki.

Sasa kero. Foleni! Kishikio kina nafasi nne za kyuveti, vile vichupa vya kuwekea sampuli, lakini kioo cha kusomea ni kimoja, na darasa zima linakisubiri. Wawili wanapima, waliobaki wako kwenye simu. Ningepewa bajeti ile tena ningechukua mbili za bei nafuu zaidi, hata kama zina urefu wa wimbi chache tu. Kwa mazoezi ya stashahada zinatosha.

Kyuveti zilizokuja nazo ni za glasi. Mkitaka kupima kwenye mwanga wa urujuanimno (UV) hazifai, na mashine hii yenyewe haifiki huko vizuri. Wafundisheni wanafunzi kushika pande zenye ukungu tu. Alama ya kidole upande unaopitisha mwanga inasomeka kama chuma.

Joto na unyevu wa Dar navyo vina mambo yake. Ndani kuna vifuko vya silika vya kufyonza unyevu. Masika yakianza navikausha kwenye oveni kila vinapobadilika rangi. Stabilaiza ni lazima, na taa iachwe ipate moto kama nusu saa kabla ya kipindi, la sivyo sifuri inatembea. Umeme ukikatika katikati, mnaanza upya na blanki.

Muuzaji alitoa risiti ya EFD bila kusumbua, jambo ambalo mhasibu wetu alilifurahia kuliko mashine. Lakini taa ya akiba hakuwa nayo dukani, tukaambiwa tuagize. Ninyi ombeni iwekwe kwenye ankara ileile ya kwanza, kabla hamjalipa.