Adapta za hadi diski: nimepima spidi na uimara

Nimejaribu adapta za kuunganisha hadi diski (hard disk) ya SATA, yaani ile yenye kiunganishi cha kawaida cha ndani ya kompyuta, kwenye kompyuta kwa USB, moja ya USB 2.0 na nyingine ya 3.0, na tofauti ni mbingu na ardhi aisee. Ile ya 2.0 inaandikwa megabiti 480 kwa sekunde (sawa na megabaiti 60) lakini ukikopi faili kubwa haivuki megabaiti 40 hivi, ukiweka SSD (diski ya kasi isiyozunguka) humo unaionea tu. Ya 3.0 yenye UASP (mfumo wa kupitisha data haraka kwenye USB) inaiachia SSD mpaka megabaiti 400 na kitu, diski ya kuzunguka yenyewe inagota mapema kwa hiyo hapo usiilaumu adapta.

Ila mi naangalia zaidi uimara maana spidi bila uimara inakula data zako. Diski za inchi 2.5 zinatosheka na volti 5 za USB, za inchi 3.5 zinataka na volti 12 kwa hiyo lazima adapta iwe na chaja yake. Hiyo ya 3.0 nikiichomeka kwenye hab (kigawanyo cha matundu ya USB) isiyo na umeme wake diski inajikata katikati ya kukopi, nikiichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta inatulia kabisa. Naipendekeza, waya wake mfupi tu ndo unakera.