Programu ya kutunga muziki imeniharibia amadinda

Mpaka juzijuzi nilikuwa naipigia debe programu hii. Unaandika unachotaka, unasubiri kidogo, muziki huo hapo. Sasa sitaki hata kuiona.

Niliiomba amadinda, ile marimba kubwa ya Buganda yenye vibao 12. Kwa wasioijua: wapigaji wawili huketi wakitazamana, kila mmoja ana noti zake, na noti za huyu huingia katikati ya noti za yule, mbio mbio. Wimbo unaousikia hakuna anayeupiga. Sikio lenyewe huokota noti za chini likaziunga, za juu nazo likaziunga, mara unasikia sauti inaimba ambayo haimo mkononi mwa mtu yeyote. Gerhard Kubik, mtafiti wa muziki wa Afrika kutoka Austria, aliliandika jambo hili tangu 1962. Tena mpigaji wa tatu yupo kwa ajili hiyo: noti za vibao viwili vya chini kabisa anazirudia kwenye viwili vya juu kabisa, ili zisikupite.

Programu ikanipa nini? Noti zote sahihi, nilizihakiki moja moja. Lakini mpigaji wa kwanza imempa mlio wa mbao, wa pili mlio wa kengele, eti kupamba! Jamani, akili hukusanya pamoja noti zenye mlio mmoja. Ukishaitenganisha milio, sikio linamfuata kila mtu kivyake, na ule wimbo wa katikati unakufa. Kilichobaki ni ko-ko-ko huku, ti-ti-ti kule. Na pa kuzima urembo huo hakuna, nimetafuta kila kona.

Nikawaandikia huduma kwa wateja, nikaeleza yote haya kwa adabu. Jibu lao: muziki ni suala la ladha, jaribu spika bora. Spika! Mhusika hakusoma hata mstari wa pili wa barua yangu.

Nilitaka kutoa nyota moja. Ila haki ni haki, rumba iliyonitungia mwanzoni ilikuwa tamu, sebene lilipoingia nilisimama mwenyewe nikacheza. Basi tatu. Lakini nimeirudia rumba ile usiku huu kwa makini: magitaa yote yana mlio mmoja, ndiyo maana yameshikana vile. Kumbe inaweza! Inaweza kwa gitaa, amadinda ndiyo ikaivalisha kengele, halafu naambiwa ladha.

Nyota moja, na mwezi ujao silipi.