Ndoo ya bafuni kama una mtoto anayeanza kutembea: angalia mfuniko kwanza

Naandika hii bado nina hasira. Mwezi uliopita nilishuka soko la Mbuyuni hapa Moshi kutafuta chombo cha kuwekea maji bafuni, maana huku kwetu Pasua maji yakikatika asubuhi hujui yatarudi saa ngapi, nikauziwa diaba zuri la zambarau na mfuniko wake, muuzaji ananiambia mama hili halivunjiki na akalipiga teke kabisa nione. Kweli halivunjiki. Ila mfuniko ni wa kulaza tu juu, haubani popote, na kijana wangu wa mwaka na miezi mitatu alichukua siku 4 kuligundua hilo. Nilimkuta kausukuma mfuniko pembeni, tumbo liko kwenye ukingo, kichwa ndani, vidole vya miguu vinaanza kuachia sakafu. Wala halii, kimya kabisa, anachezea maji. Nilimvuta kwa nguo.

Watu wengi bafuni wanaogopa utelezi tu. Sawa, weka mkeka wa mpira, yameisha. Mie naogopa ndoo. Mtoto wa umri huo kichwa ndo kinamzidi uzito, akiinama kidogo tu anaingia kichwa kichwa na mikono haina nguvu ya kumrudisha. Na usidhani ndoo itapinduka imwachie, ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 20 za maji, yeye mwenyewe ana kilo 10 hivi. Wala si lazima ijae, maji ya sentimita 5 yanatosha kufunika pua na mdomo. Marekani ndoo kubwa za aina hii zinabandikwa picha ya mtoto anayetumbukia, zetu zinabandikwa maua.

Kwahiyo mambo ya rangi na unene wa plastiki utaamua mwenyewe, mie nina swali moja tu: mfuniko unafungika kwa mkono mmoja? Kwa sababu ule mwingine umeshika mtoto mwenye sabuni anateleza kama kambale. Mfuniko unaotaka mikono miwili utaachwa wazi, na wewe, na dada wa kazi, na bibi akija kutembea, hakuna mwenye kosa hapo, ndo mikono iliyopo.

Namba moja kwangu ni ndoo ya kampuni ya Kenpoly, ya lita 20 yenye mfuniko, na sijalipwa na mtu. Hii niliyo nayo unaweka mfuniko, unabonyeza kwa kiganja, unasikia "ka!", basi. Kijana kahangaika nao wiki nzima mpaka kaamua kuukalia. Utasema lita 20 ni kidogo ukilinganisha na diaba, nunua 3 uzipange, mie ndo nilivyofanya na afadhali hivyo.

Namba mbili, ndoo yenye koki, zile zilizojaa kila mlango wakati wa korona 2020. Uzuri wake hufungui mfuniko kila ukichota. Ubaya, ukiiweka chini mtoto ataijua koki ndani ya siku mbili tatu, na ukiipandisha kwenye stuli hakikisha stuli ni pana na haichezi, kilo 20 zikimwangukia itakuwa hadithi nyingine. Halafu koki zinavuja, utelezi uleule tuliokuwa tunauogopa. Na maji ya moto usiweke humo hata siku moja. Najua mwezi wa saba baridi ya Moshi inavyokuwa, changanyia kwenye beseni, tangulia na ya baridi ndo umimine ya moto, pima kwa kiwiko, ya mtoto yanatakiwa yawe kama nyuzi 37 au 38 tu.

Namba tatu yale mapipa ya bluu ya mfuniko wa kuzungusha. Mfuniko imara sana, mikono miwili. Afu mengi yalikuja mjini na kemikali, muulize muuzaji lilibeba nini, akikujibu "juisi tu mama" kabla hujamaliza swali, ondoka.

Ndoo zilizokuja na rangi ya ukuta bei rahisi, mfuniko unabana mpaka unang'oa kucha, ndo maana wa jirani yangu sijawahi kuuona umefungwa. Dumu la mafuta la lita 20 kichwa hakipiti mdomoni, salama, ila kulinyanyua kila saa umiminie kwenye kopo, mgongo wako.

Yoyote utakayochukua, maji yaliyobaki kwenye beseni mwaga palepale, komeo la mlango weka juu asikofika, na simu ikiita ukiwa unamwogesha, toka naye.

Sasa kinachoniuma ni hili la mifuniko kuuzwa kivyake. Ndoo bei yake, mfuniko bei yake, kama vile suruali na zipu. Nilivyolirudisha lile diaba nikaambiwa mfuniko ule ni wa kuzuia vumbi tu mama, si wa kufunga, na hela hairudi, sasa hivi limekaa juu ya kabati lina mahindi. Nikahamia meza nyingine naanza kubonyeza mifuniko mmoja mmoja, yule kaka ananiangalia weee, mwisho akauliza, mama unanunua au unacheza? Nikamwambia nacheza. Nilibonyeza 9, iliyobana ilikuwa 2.