Black Panther nilivyoitazama na kuisoma Kisumu, na ninachokidai sehemu ya tatu

Alama kwanza: filamu ya 2018, hadithi ya T'Challa, mfalme shujaa wa Wakanda, nchi ya kubuni, naipa nyota nne na nusu, ya 2022 tatu na nusu. Komiki zenyewe zinategemea umeshika ya mwaka gani. Filamu zote mbili nilizitazama ukumbini hapa Kisumu. Halafu Ryan Coogler, mwongozaji wa zote mbili, akasema Black Panther ya tatu ndiyo kazi yake inayofuata, na tangu hapo nimekuwa nikisoma komiki kwenye simu, nikichungulia ni kipi atakachoweza kuchota.

Ya kwanza sitaieleza sana, maana hapa mjini nani asiyeijua? Februari 2018 Kisumu ilipata uzinduzi wa zulia jekundu, baba yake Lupita Nyong'o akiwa gavana wetu. Siku niliyokwenda mimi, Nakia, aliyechezwa na Lupita, alipigiwa makofi hata kabla hajafungua mdomo. Mavazi ya Ruth Carter yalistahili ile Oscar. Dosari yangu ni moja na naishikilia mpaka leo: Wakanda imewekwa Afrika Mashariki, lakini watu wake wanazungumza Kixhosa. Najua sababu. Mzee John Kani, aliyecheza T'Chaka, baba yake T'Challa, ni Mxhosa, na lugha ikaingia kupitia kwake. Inapendeza masikioni. Lakini jirani wa Turkana asiyejua hata salamu ya Kiswahili? Basi na wafanyabiashara wa mpakani wanaelewana vipi?

Ya pili ni ndefu, dakika 161, na uzito wake ni msiba. Chadwick Boseman, aliyecheza T'Challa, alifariki Agosti 2020 na hawakumtafuta mtu wa kuvaa viatu vyake. Uamuzi huo nauheshimu. Angela Bassett anaibeba filamu mgongoni. Tatizo ni msongamano: mara Riri Williams, yule msichana mvumbuzi wa Marekani, mara majasusi wa Marekani, mara ufalme wa baharini wa Namor, na wewe bado unataka kukaa matangani na Shuri, dada yake T'Challa. Kisha zile sehemu za chini ya maji. Ukumbi niliotazamia una projekta iliyochoka, kwa hiyo Talokan, ufalme huo wa Namor, niliiona kama kivuli kikipita. Nusu ya watu walitoka mbio kuwahi matatu wakakosa kile kipande cha Haiti, ambapo Nakia anamtambulisha Shuri kwa mtoto wa marehemu T'Challa. Waliobaki walishangilia kuwazidi wote walioondoka.

Sasa komiki. Programu ninayotumia inafungua ukurasa mzima kwenye kioo kidogo, maandishi yanakuwa ya kukodolea macho, na ukikuza unapoteza mchoro. Bando inaliwa pia. Pamoja na hayo, zile za Christopher Priest kuanzia 1998 zinalipa kila shilingi. Nakia wa humo ni mtu mwingine kabisa: ni msichana wa Dora Milaje, kikosi cha wanawake walinzi, anayempenda mfalme mpaka anageuka adui. Wapenzi wa Lupita, jiandaeni kisaikolojia.

Ninayemtaka mimi kwenye sehemu ya tatu ni Ororo Munroe, yule Storm, shujaa wa komiki anayeamrisha mvua na dhoruba. Mwandishi wa komiki Reginald Hudlin alimwozesha kwa T'Challa mwaka 2006, ndoa ikavunjika 2012. Katika filamu mbili za kwanza hakutajwa popote, na mojawapo ya sababu ni haki za filamu za X-Men, kundi la mashujaa alimo Ororo, ambazo zilikuwa mikononi mwa studio ya Fox hadi Disney, wenye Black Panther, walipoinunua 2019. Kizuizi hicho hakipo tena. Na Ororo ni wetu kuliko hata Nakia: mama yake, N'Daré, ni binti wa kifalme kutoka Kenya.

Lakini hebu fungua komiki ya 1975 anapotokea mara ya kwanza. Profesa Xavier, kiongozi wa X-Men, anamkuta Kenya akiabudiwa kama mungu wa mvua. Wanaompigia magoti hawana kabila, hawana kijiji chenye jina, hakuna hata mmoja anayemuuliza swali. Ukame upo, wanalia, binti anainua mikono, mvua inanyesha. Kenya gani hiyo?

Coogler, kama kuna wa kukufikishia, mwambie dereva akulete Bunyore, kaunti ya Vihiga. Kutoka Kisumu ni matatu ya Luanda tu. Ukoo wa Nganyi umekuwa ukitabiri mvua kizazi hata kizazi, na hakuna mtu anayeinua mikono ikanyesha papo hapo. Wazee wanatazama miti inavyochanua na kupukutisha, ndege na wadudu wanavyohama, upepo unakotokea. Wamewahi kukaa na wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa wakalinganisha utabiri wa msimu. Hiyo ni hadithi tayari! Ororo aje kwa watu wa mama yake na nguvu zake zote, akutane na mzee anayemwambia: ukileta mvua leo hapa, umeinyang'anya wapi? Mawingu si yako peke yako. Shuri naye, mwanasayansi asiyeamini kitu asichokipima, awe amesimama pembeni akisikiliza.

Na dhoruba yenyewe wasiichore kwa kompyuta kama moshi wa rangi. Sisi wa ziwani tunaijua: joto la mchana, mawingu yanarundikana upande wa milima ya Nandi, alasiri giza linashuka na radi inapasua. Kakamega na Kisii radi inaua watu. Shujaa anayecheza na kitu hicho lazima awe na jambo la kujibu kwa waliofiwa.

Ninachoogopa ni kuona Nakia na Ororo wakigombania kumbukumbu za mwanamume aliyekufa. Wasithubutu. Hawa wawili wana mtoto wa kulinda na nchi ya kugombania, waachiwe hayo. Tena huyo mtoto asirukishwe miaka ghafla ili avae suti ya Black Panther. Shuri ameivaa filamu moja tu, hata haijamkaa vizuri mwilini.

Denzel Washington alisema mwaka 2024 kwamba Coogler anamwandikia nafasi. Sawa, karibu mzee. Tiketi nitanunua siku ya kwanza, ila safari hii nitauliza kwanza habari za projekta, na wakinijibu kwa kusitasita napanda basi la Nairobi.