Handa na machenza yake: vitabu vya picha ninavyowasomea watoto wa maandalizi

Nasomesha maandalizi upande wa Wete, Pemba. Darasani kwangu wamo watoto 42, wa miaka minne na mitano, tunakaa kwenye mikeka. Vitabu vya picha ninavyo 11, na kuvikusanya kumenichukua miaka tisa. Vingi kaniletea mdogo wangu anayeishi Uingereza, kila akija likizo humwambia asiniletee viatu wala manukato, aniletee kitabu. Wazazi huniuliza wawanunulie watoto kipi, na walimu wenzangu wa skuli za jirani huniazima, kwa hiyo nimeona niandike ninachokijua kuhusu vile nilivyovisoma mbele ya watoto mara nyingi mpaka nimevihifadhi.

Ningeambiwa nibaki na kimoja tu, ningebaki na Handa's Surprise. Kakiandika na kukichora Eileen Browne wa Uingereza, kikatoka mwaka 1994. Handa ni mtoto wa Kijaluo, magharibi mwa Kenya. Anatia matunda saba kikapuni, anajitwisha, anakwenda kijiji cha pili kumpelekea rafiki yake Akeyo. Njiani anawaza: atalipenda lipi? Ndizi laini? Pera linalonukia? Chungwa lenye maji mengi? Maneno ya kitabu ni hayo tu, mawazo ya Handa juu ya matunda yake. Lakini pichani, juu ya kichwa chake, tumbili anachukua ndizi. Mbuni anachukua pera. Pundamilia chungwa, tembo embe, twiga nanasi, swala parachichi, na kasuku anamalizia na pasheni. Hadithi yenyewe haimtaji mnyama hata mmoja. Handa hajui, na maneno hayajui. Anayejua ni mtoto anayetazama.

Siku ya kwanza nilikisoma bila ya kuonesha kidole popote. Nilisoma maneno, nikafunua kurasa. Kwenye tumbili darasa lilinyamaza. Kitoto kimoja cha mbele, ambacho tangu kianze skuli sikuwahi kukisikia sauti, kikanivuta kanga kikaninong'oneza: "Mwalimu, kaiba." Tulipofika kwa mbuni wote walikuwa wameshasimama: "Handa, geuka! Handa!" Mwalimu wa darasa la pili alikuja mlangoni kuuliza kuna nini.

Nimekaa nikafikiri kwa nini kitabu hiki kinawashika hivyo, na jawabu nililoliona ndilo ninalotumia sasa kuchagulia kila kitabu. Mtoto wa maandalizi hajatoka hata kwenye alifu kwa ujiti. Siku nzima watu wakubwa wanajua na yeye hajui. Hapa yeye ndiye anayejua, na mwalimu aliyeshika kitabu anaonekana hajui. Basi anasema. Anasema kwa sentensi nzima, kwa sababu ana habari ya kumpa mtu.

Mwisho wake sitaki kuwaharibia sana, ila mbuzi anakuja mbio anaupiga kichwa mchenza, na machenza yanamwagika ndani ya kikapu kilichokwisha kuwa kitupu. Akeyo anafurahi, machenza ndiyo anayoyapenda kuliko yote. Anayeshangaa ni Handa. Watoto wangu wanacheka pale kila mara, hata mara ya ishirini.

Kwa Pemba kitabu hiki kina baraka nyingine: matunda yote manane tunayo. Siku ya kukisoma huwaomba wazazi, mwenye pera alete, mwenye pasheni alete, tukayapanga kwenye ungo. Tunanusa, tunapapasa, tunayaeleza: lenye miba, lenye ngozi nyororo, lenye harufu kali. Wanyama ndio hawakuwaona, isipokuwa tumbili na kasuku wa kufugwa. Mbuni walimwita bata mzinga mpaka nilipowaeleza. Na mwaka jana mtoto mmoja aliniuliza swali lililonifurahisha wiki nzima: mbona popo hakuja kuiba, na popo ndiye mwizi wa maembe? Kabla sijajibu mwenzake akamwambia, "Popo kalala, huoni jua?" Watoto wa kisiwa chenye popo wasiopatikana pengine popote duniani wana haki ya kuuliza hivyo.

Mwalimu mwenzangu hakipendi. Anasema wageni wakikisoma watadhani sisi twiga hutupita mlangoni. Neno lake nalikubali kwa msomaji wa huko, na mzazi aliyeko ughaibuni afadhali amwambie mwanawe kwamba vijijini Kenya mtoto hapishani na tembo njiani. Kwa watoto wangu sijaona dhara. Wanajua ni hadithi, kama wanavyojua sungura hasemi.

Nakala yangu ni ya Kiingereza. Nilichokifanya, nilikata vipande vya karatasi nyeupe, nikaandika Kiswahili kwa kalamu nene, nikavibandika chini ya kila picha kwa gundi. Mzazi asiyejua Kiingereza asikiogope kitabu cha picha kwa sababu hiyo. Kisomeni kwa picha.

Hapo nyuma nilikuwa nikinunua tofauti. Nilikuwa naangalia ukurasa wa mwisho kwanza, kama kuna mafunzo nanunua. Nilinunua kimoja dukani, jalada linang'aa, ndani picha ya mtoto na mpira, chini yake maneno yanayosema mtoto ana mpira. Kurasa 16 za namna hiyo, kisha mistari mitatu ya kutii wazazi. Watoto walikitazama mara moja. Picha ikisema kilekile kilichosemwa na maneno, mtoto hana kazi ya kufanya. Na utiifu wanaufunzwa chuoni, kwenye Kurani, na nyumbani na watu wanaowajua, haukungoja mistari mitatu ya kitabu.

Cha pili ni The Very Hungry Caterpillar cha Eric Carle, cha mwaka 1969. Wengi mnakijua. Kiwavi anatoka kwenye yai siku ya Jumapili, ana njaa, Jumatatu anatoboa epo moja, Jumanne anatoboa pea mbili, na kuendelea, na kurasa zenyewe zina matundu halisi alikopita. Hayo matundu ndiyo uhai wa kitabu. Kila mtoto lazima atie kidole. Kwa hiyo nunueni kile chenye kurasa ngumu za kadi. Cha karatasi nilichoanza nacho kilichanika kwenye machungwa muhula wa kwanza.

Ila kina jambo ambalo mwandishi asingeweza kulijua, na mwalimu wa Kiswahili lazima ajitayarishe nalo. Kwake Jumatatu ni siku ya tunda moja, Jumanne mawili, Jumatano matatu. Kwetu siku zinajihesabu zenyewe kwa majina. Nilikuwa nasoma "Jumatatu akala moja" na mtoto mmoja akakataa kabisa: "Jumatatu ale matatu, mwalimu!" Alikuwa na haki. Nilikifunga kitabu, tukamtengenezea kiwavi wetu. Jumamosi tunda moja, Jumapili mawili, Jumatatu matatu, Jumanne manne, Jumatano matano. Tukafika Alhamisi tukakwama kidogo, mpaka wenyewe wakakumbuka khamsa ya chuoni, kwamba Alhamisi nayo ni tano, ya Kiarabu. Basi Alhamisi anakula matano mengine, na Ijumaa anapumzika anakwenda kuoga. Sikuwahi kupanga somo la hesabu lililokwenda vizuri kama lile. Siku hizi nasoma kwanza cha kiwavi wetu, kisha cha Carle, na tunalinganisha.

Matunda yake mengine ni mageni. Plamu nimezifanya zambarau, rangi inakubali. Stroberi nimeziacha na jina lake, na kwa epo nimewaambia si tufaha letu la hapa. Ukurasa wa Jumamosi una keki, aiskrimu, jibini, salami, soseji; mzazi mmoja alikuja kuniuliza kwa adabu zile nyama ni za nini, nikamwambia darasani kwetu soseji ni ya kuku na salami hatuisomi. Kwenye jani moja la kijani, linalomponya tumbo, tunakwenda nje kutafuta viwavi wa kweli kwenye michungwa.

Vitabu vya Muriel Feelings, Moja Means One cha 1971 na Jambo Means Hello cha 1974, vinasifiwa sana, na michoro ya Tom Feelings inastahili: vyote viwili vilipata heshima ya Caldecott, tuzo ya michoro ya vitabu vya watoto kule Marekani. Lakini viliandikwa kumfunza mtoto wa Marekani namba na herufi za Kiswahili. Mtoto wetu hana haja ya kuambiwa moja ni moja. Mimi hukifungua kile cha herufi kwa walimu, si kwa watoto, tuone namna ya kuichora siku ya kawaida ya watu kwa heshima. Mkikipata kwa mkopo inatosha.

Kwa watoto wa darasa la pili na la tatu, na kwa mzazi anayetaka kitabu cha kusoma na mwanawe barazani baada ya magharibi, tafuteni My Rows and Piles of Coins cha Tololwa Mollel, Mtanzania wa Arusha. Kimetoka 1999, michoro ya rangi za maji ni ya E. B. Lewis. Saruni anamsaidia mama yake kupeleka mizigo sokoni, kila safari anapewa senti, hazitumii, anazitia kibubuni. Anataka kununua baiskeli ili mama asijitwishe tena. Anazipanga safu safu na mafungu mafungu, ndiyo jina la kitabu. Anajifunza kupanda baiskeli kubwa ya baba yake. Anakwenda kwa muuza baiskeli na fedha zake zote, na yule mtu anamcheka.

Hapo husimama. Nasimama kwa sababu mimi mwenyewe nilivunja kibubu nikiwa na miaka kumi, nikaenda dukani kununua viatu vya sikukuu, nikaambiwa fedha zangu zinatosha ndara za mguu mmoja. Nilirudi nimezishika mkononi mpaka zikalowa jasho. Picha ya Saruni mbele ya yule mtu, Lewis kaichora vile mgongo wa mtoto unavyokuwa. Nikiisoma sauti hunibadilika, na watoto wanaijua sehemu hiyo, wanasogea karibu. Mambo ya baadae mtayaona wenyewe. Yumo baba na pikipiki mpya, na Saruni hamalizi kuweka akiba. Maneno yake ni mengi, kwa maandalizi hakifai. Nami nasikitika kwamba hadithi ya mtoto wa Kitanzania, ya Mtanzania, mimi nimeipata kwa Kiingereza na kuitafsiri mdomoni kila nikisoma.

Asiye na fedha za vitabu asikate tamaa. African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, umeweka mtandaoni hadithi za picha za bure kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kimo. Unasoma kwenye simu, au unachapisha karatasi za A4 na kuzishona kwa uzi. Nyingine ni nzuri mno, nyingine Kiswahili chake kina tafsiri ndani yake. Someni kwanza peke yenu kabla ya kuwapa watoto. Inaruhusiwa pia kutunga ya kwenu.

Sisi tuliitunga ya kima na papa. Bibi zetu wote waliisimulia, na Edward Steere, mmishonari wa Kiingereza, aliiandika kutoka kwa wasimuliaji wa Zanzibar, ikachapwa London mwaka 1870. Papa anamchukua kima mgongoni kumpeleka kwao, katikati ya bahari anamwambia sultani wetu mgonjwa, dawa yake moyo wa kima. Kima anajibu, ungeniambia mapema, sisi mioyo yetu huiacha mitini. Nilifanya kama Browne: maneno niliandika ya papa tu, picha nikawaachia watoto. Wakamchora kima anaogelea juu ya maneno mazuri ya papa, uso umejaa khofu. Kwenye mkuyu wakatundika mioyo kumi, myekundu. Mmoja akachora wa kwake na jina lake.

Neno la utunzaji: masika ya Pemba hayana huruma na karatasi. Vyangu navitia kwenye sanduku la bati na mfuko wa karafuu kavu, kila jua likitoka navianika barazani vikiwa wazi, na majalada nimeyavisha nailoni.

Ijumaa mtoto mmoja anaondoka na kitabu kwenye mkoba wa kitambaa, Jumatatu anakirudisha. Sijapoteza hata kimoja. Handa kimerudi kina harufu ya pweza, kimerudi kona imetafunwa na mdogo mtu, kimerudi na kipande kipya cha karatasi kimebandikwa kwenye ukurasa wa tembo, kwa hati ya mtu mzima nisiyemjua: "Embe boribo." Nimekiacha hapohapo.