TAHADHARI: Cheti cha usajili si kinga. Kagua kikundi cha dini kabla hujawapa pesa, nyaraka au mwili wako

Soma hapa kabla hujasaini fomu ya uanachama, hujapanda mbegu (sadaka unayoahidiwa itakurudia na faida), wala hujaacha dawa kwa sababu nabii amesema umepona.

Ukimuuliza muumini kama kikundi chake kinaaminika, jibu la haraka huwa: "Sisi tumesajiliwa." Sawa, lakini Aum Shinrikyo, kikundi cha dini cha Japani, nao walisajiliwa. Walipata usajili wa shirika la dini mjini Tokyo mwezi Agosti 1989. Novemba mwaka uleule wafuasi wao wakamuua wakili aliyekuwa akizitetea familia zilizotaka watoto wao watoke kikundini. Wakamuua pamoja na mkewe na mtoto wao mchanga. Tarehe 20 Machi 1995 wakaachia gesi ya sumu, sarini, ndani ya treni za chini ya ardhi za Tokyo. Siku hiyo usajili ulikuwa bado halali. Kikundi cha Kanungu nchini Uganda, ambacho mamia ya watu wake waliteketea kanisani mwaka 2000, nacho kilikuwa kimesajiliwa. Na kanisa la Jim Jones, ambako watu 909 walikufa Jonestown, Guyana, tarehe 18 Novemba 1978, lilikuwa ndani ya dhehebu kubwa la Marekani lenye heshima yake.

Kwa kawaida msajili anataka kuona jina ambalo halijatumiwa na wengine, katiba, majina na anwani za viongozi, na ada iliyolipwa. Haji ibadani. Hapimi miujiza. Usajili ukiwepo, uliza jambo moja zaidi: marejesho ya kila mwaka, yaani taarifa ambayo kikundi humpelekea msajili, yaliwasilishwa lini mara ya mwisho? Kikundi chenye cheti cha miaka kumi ambacho hakijawahi kupeleka marejesho kimebaki na karatasi ya kupamba ukuta.

Kuna maswali matatu ambayo watu huyachanganya, na matapeli wanapenda yachanganywe. La kwanza ni la sheria: wapo kihalali? La pili ni la asili: kweli wametoka wanakodai? La tatu ni la usalama: mtu akiingia, atabaki na pesa zake, afya yake, ndugu zake na uhuru wa kutoka? Kikundi kinaweza kupasi mawili ya mwanzo kikaanguka vibaya la tatu. Kama mafundisho yao ni ya kweli mbele za Mungu, hilo ni lako na dhamiri yako. Kuvaa mavazi ya ajabu, kusali usiku wa manane au kuwa na mwaka mmoja tangu kuanzishwa hakumfanyi mtu kuwa tapeli. Kila dini kongwe iliwahi kuwa changa na kuchekwa.

Tuanze na asili, maana hili hukaguliwa kwa simu mbili tatu tu. Mtu akijiita askofu, muulize aliwekwa wakfu na nani, wapi, tarehe ngapi. Kanuni ya makanisa yenye urithi wa kitume (yanayosema mnyororo wa maaskofu wao unaanzia kwa mitume), tangu Mtaguso wa Nikea mwaka 325, ni kwamba askofu huwekewa mikono na maaskofu wasiopungua watatu. Chukua majina hayo, wapigie, au piga ofisi ya kanisa analodai ni mama yake, kwa namba uliyoitafuta mwenyewe na si ile aliyokupa yeye. Shekhe akidai ijaza (idhini ya kufundisha) ya tarika fulani, yaani njia ya kisufi, omba kuiona silsila, mnyororo wa walimu waliopokezana, kisha tazama kiungo cha karibu zaidi na wewe: aliyempa ijaza alifariki lini, na huyu wakati huo alikuwa na umri gani? Silsila za kughushi hupenda kumtaja marehemu kwa sababu marehemu hakanushi, kwa hiyo uliza zawiya yake (kituo cha tarika) au wanafunzi wake wengine. Kuwa mwangalifu kidogo hapo, kwani zipo njia zinazoheshimika ambazo mwanzilishi wake alisema alipewa kwa maono moja kwa moja. Tarika ya Tijaniyya ni mfano. Kukosa mnyororo peke yake si ushahidi wa utapeli. Kudai mnyororo ambao haupo, huo ndio uongo. Shahada ya "Dokta" ikaguliwe vilevile: ya kusomea au ya heshima, na chuo kinatambuliwa na mamlaka gani ya elimu?

Sasa pesa, na hapa usione haya kuuliza.

Unapotuma sadaka kwa simu, jina la mpokeaji hujitokeza kabla hujathibitisha. Likiwa la mtu binafsi, simama hapo hapo. Akaunti ya benki iwe na jina la taasisi, na watia saini wawe angalau wawili wasio na undugu. Mchungaji na mkewe ni mfuko mmoja. Kiwanja na jengo viwe kwa jina la bodi ya wadhamini, na hilo hupatikana kwa kufanya upekuzi katika ofisi ya ardhi, bila kuwaomba ruhusa wenyewe. Omba taarifa ya fedha iliyokaguliwa ya mwaka uliopita, kisha hakikisha jina la mkaguzi lipo kwenye orodha ya chombo cha wahasibu. Usitosheke na "mweka hazina alisoma hesabu madhabahuni". Kusoma kwa sauti si ukaguzi.

Halafu omba katiba yao na uende moja kwa moja kwenye vifungu viwili ambavyo karibu hakuna anayevisoma. Kimoja ni cha kumwondoa kiongozi: nani ana uwezo huo, kwa kura ngapi? Ikiwa mwanzilishi ni wa maisha na ndiye anayeteua bodi, bodi hiyo ni kwaya yake. Kingine ni cha kuvunjwa kwa taasisi: mali ikibaki inakwenda wapi? Taasisi safi huandika kwamba itakwenda kwa taasisi nyingine yenye malengo kama hayo. Kifungu kikisema inarudi kwa mwanzilishi au familia yake, au kisipokuwepo kabisa, basi wewe unajenga nyumba ya mtu.

Mbegu, mafuta na maji ya upako yana mtiririko wake, ukiujua utautambua hata ukibadilishiwa jina. Kwanza unapewa kitu bure: chupa ndogo ya maji, kitambaa, utepe wa mkononi. Kisha unaambiwa kukitumia kwa siku kadhaa na kukirudisha pamoja na kiasi maalumu, mara nyingi kilichofungwa na namba ya aya fulani. Kuna mwisho wa muda, kwa kuwa ukilala na wazo hilo usiku mmoja unaweza kughairi. Matokeo yasipokuja, kasoro ni imani yako, na dawa yake ni mbegu kubwa zaidi. Hakuna hatua hata moja ambapo mpokeaji anaweza kuonekana amekosea. Sadaka ya kawaida haina ahadi ya faida wala tarehe ya kuisha. Ikishapata hivyo viwili imekuwa biashara, na biashara inatakiwa kutoa risiti na kurejesha pesa.

Miujiza ndiyo inayomaliza watu wenye akili zao, kwa hiyo tuitazame kwa karibu.

Mwaka 1986 huko Marekani, mhubiri Peter Popoff alikuwa akiwataja watu ukumbini kwa majina, ugonjwa na anwani za nyumba. Mwanamazingaombwe James Randi na wenzake waliingia na kipokezi cha redio wakanasa sauti ya mke wa mhubiri kwenye megahezi 39.17, akimsomea mumewe habari kutoka kwenye kadi za maombi ambazo waumini wenyewe walijaza kabla ya ibada. Mhubiri alikuwa na kifaa kidogo sikioni. Mmoja wa wachunguzi, mwanamume, alivaa kike akahudhuria, na akatangaziwa kuponywa saratani ya mfuko wa uzazi. Mwaka uliofuata huduma ikafilisika, na miaka ya baadaye mhubiri yuleyule akarudi kwenye televisheni akigawa maji ya miujiza.

Siku hizi kadi haihitajiki sana, kwa maana ukijaza fomu mtandaoni au ukipiga simu kuweka miadi umeshatoa jina na namba, na kurasa zako za mitandao ya kijamii zinamaliza kazi. Jaribio lake ni rahisi: unapojiandikisha, taja shida isiyokuwepo, usiiseme popote pengine. "Unabii" ukikurudia na shida hiyohiyo, umejua ulikotoka. Maneno kama "kuna mtu hapa anaumwa mgongo, kuna mwenye kesi ya ardhi" yapuuze kabisa. Katika watu mia tano wote hao wapo, na wanaosimama wanajileta wenyewe.

Mguu mfupi unaorefuka ni mchezo wa viatu na nyonga. Mtu huketishwa kitini, mhubiri akashika visigino vyote na kuinua miguu. Akiisogeza upande kidogo nyonga hujipinda, mguu mmoja ukaonekana mfupi. Au huvuta kiatu kimoja kikatoka kisiginoni kwa sentimita mbili hivi, kisha wakati wa maombi akakisukuma polepole kirudi, na ukumbi mzima ukapiga vigelegele. Dawa yake: viatu vivuliwe, mtu alale chali akiwa amenyooka, apimwe kwa futi ya fundi cherehani kutoka mfupa wa mbele wa nyonga hadi kifundo cha ndani cha mguu, kabla na baada. Na anayeinuka kwenye kiti cha magurudumu, tazama kiti ni cha nani. Kikiwa cha huduma yenyewe, yawezekana aliingia akitembea akakaribishwa akae.

Ushuhuda wa kupona uwe na karatasi mbili: kipimo cha kabla na cha baada, vyenye jina moja, kutoka kituo cha afya ambacho huduma haikukichagua.

Kuhusu dawa hakuna mjadala. Anayekuambia uache dawa ulizoandikiwa na daktari, mkimbie, hata kama mengine yake yote ni safi. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza akikosa insulini, damu yake hugeuka asidi ndani ya siku chache, na anaweza kufa. Anayeacha dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi hujisikia mzima kwa muda huku virusi vikirejea katika wiki chache, na ndiyo maana shuhuda hutolewa mapema. Kifua kikuu ndicho kinachodanganya zaidi. Dalili hupungua baada ya wiki kadhaa za tiba wakati dozi ya kawaida ni ya angalau miezi 6, na anayeacha katikati hubaki na vijidudu vinavyoweza kuwa sugu huku akisimama mbele kutoa shukrani. Dawa za kifafa zikikatwa ghafla, degedege hurudi kwa nguvu.

Tarehe za mwisho wa dunia zinaonyesha tabia ya kiongozi kuliko hubiri lolote. William Miller, mhubiri wa Marekani, na wafuasi wake walisubiri tarehe 22 Oktoba 1844. Harold Camping, mhubiri wa redio wa Marekani, alitaja Septemba 1994, akaja na tarehe 21 Mei 2011, ikapita, akasogeza hadi 21 Oktoba. Machi 2012 angalau aliandika kukiri kosa. Wa Kanungu walikuwa wameuza mali zao na kuzikabidhi. Mwaka 1999 ulipoisha na dunia ikabaki palepale, baadhi wakaanza kudai vyao. Tarehe 17 Machi 2000 kanisa liliteketea na mamia ya watu ndani. Kwa hiyo mkaguzi mzuri haulizi tu "alitabiri nini?" bali "wafuasi walikuwa wamekabidhi nini kabla ya tarehe hiyo, na waliruhusiwa kukirudisha?" Ukitaka kupima unabii, uandikwe na kuwekewa tarehe kabla ya tukio, na utaje jambo linaloweza kukosea. "Mtu mkubwa ataanguka mwaka huu" haikosei kamwe.

Dalili za kuondoka leo, bila kusubiri kikao: wanakusanya pasipoti, vitambulisho au hatimiliki "kwa usalama", wanakataza kuongea na ndugu au na waliotoka, watoto wanatolewa shule, watu wanaambiwa wauze na kuhamia mahali pa mbali, mfungo hauna mwisho au unawahusu watoto. Huko Shakahola, Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 kuanzia mwaka 2023, na habari za mfungo wa kufa njaa zilikuwa zimeanza na mambo kama haya. Kikundi salama kinaweza kuhuzunika ukiondoka, hata kukuombea urudi, lakini hakikuandami, hakitangazi siri ulizoungama, na nyaraka zako hazikuwahi kuwa mikononi mwake. Tafuta watu watatu waliotoka na uwasikilize kila mmoja peke yake. Mmoja anaweza kuwa na kinyongo. Wasiojuana wakisimulia utaratibu uleule, hapo pana jambo.

Kama tayari umo ndani, usitangaze kwamba unatoka. Chukua kwanza vitambulisho, hatimiliki, vyeti vya watoto na dawa. Badilisha namba za siri za simu na benki. Hifadhi ujumbe wa kuombwa pesa, risiti za miamala, na picha za skrini zenye tarehe. Kama ni ndugu yako aliyeingia, usibishane naye maandiko, maana amefundishwa majibu na kila ubishi unathibitisha aliyoambiwa kwamba familia ni adui. Mpigie kuhusu mambo ya kawaida, mwachie mlango wazi, na usimpe pesa taslimu. Lipia mahitaji yake moja kwa moja.

Kama kuna watoto wanaonyimwa chakula au dawa, nenda polisi na ustawi wa jamii siku hiyohiyo, hata huna ushahidi kamili. Toa taarifa kwa maandishi: eneo lilipo, jina la kiongozi, makadirio ya idadi ya watu na ya watoto, nani alionekana mara ya mwisho na lini, na maagizo yaliyotolewa kwa maneno yaleyale yaliyosemwa. Omba namba ya kumbukumbu ya taarifa yako, na ukiona kimya peleka nakala ngazi ya juu ukiitaja namba hiyo.