Luva ya Chumba cha Jenereta: Tazama Maji Yanakokwenda

Karibuni tena, watazamaji. Mezani nina luva mbili za aluminiamu, yaani fremu zenye mabapa yaliyopangwa kwa nafasi, za kuingiza hewa kwenye chumba cha jenereta. Rangi na vipimo vya fremu sivigusi, mnavijua. Leo nataka muone ukingo huu tu. Kamera sogea hapa.

Hii ya bei nafuu mabapa yake ni tambarare, yamelala nyuzi 45. Nainyunyizia maji. Mnaona? Yanateremka mpaka ukingo wa mbele, yanadondoka juu ya bapa la chini, yanapasuka. Tone kubwa ni zito, haliwezi kukata kona pamoja na hewa. Hivi vitone vidogo ndivyo vinavyobebwa. Nawasha feni nyuma... haya, karatasi ya ndani imelowa chapachapa. Halafu inauzwa eti haipitishi mvua! Inaudhi sana.

Sasa hii. Ukingo wa bapa umekunjwa juu, umekuwa kijimfereji cha upana wa kidole. Namimina. Hayadondoki! Yanafuata mfereji hadi pembeni, yanaingia kwenye mwimo wa fremu, ambao ndani una njia yake kama bomba, yanashuka, yanatokea hapa kwenye kizingiti, upande wa nje. Narudia taratibu, tazameni mwimo tu. Safi kabisa. Napenda sana kazi hii.

Mmeuliza kuhusu luva za mabapa ya kusimama. Kwa mvua ya upepo hizo ni kiboko: hewa inapinda, maji yanagonga bapa, yananaswa kwenye mkunjo wa bapa ulio kama ndoano na kuteremka wima. Zinakula aluminiamu nyingi, ndiyo maana bei inapaa. Nilitaka kusema hazina haja, lakini ukuta ukitazama bahari, Mombasa au Dar, lipa tu. Video yake inafuata, jisajilini msiikose.

Muuzaji akitaja daraja A la kipimo cha Ulaya, EN 13030, ujue ni upepo wa mita 13 kwa sekunde, mvua milimita 75 kwa saa, na maji yanazuiwa kwa asilimia 99 au zaidi. Muulize: A kwa kasi gani ya hewa? Feni ikivuta kwa nguvu, luva hiyohiyo inashuka daraja. Tundu la mita 1 kwa 1 mara nyingi linabakiza kama nusu tu ya nafasi ya hewa. Ukivuta mita za ujazo 1.5 kwa sekunde, hewa inapita kwa mita 3 kwa sekunde. Tundu likiwa mita 2 za mraba, kasi inakuwa 1.5.

Na fundi asizibe mwanya huu wa chini kwa silikoni! Akiuziba, maji yanajaa kwenye kizingiti na kurudi ndani. Kabla hujamlipa, mimina lita 5 juu ya mabapa kwa nje. Yasipotoka hapa chini, akate silikoni mbele yako.